Tanki hii ilibeba nini mbele ya maji?

Wakaaji wa Goma wanazijua kamio za maji. Julai 1994, wakati kolera ilikuwa inaua wakimbizi kutoka Rwanda, askari wa Marekani walikuja kusafisha maji ya ziwa Kivu, na kamio zikayapeleka kambini. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na mabomba kuharibika, kamio zikarudi mitaani. Watu wanapanga bidoni mustari, mpira unafunguliwa, maji yanatoka. Ni wachache wanaouliza tanki hiyo ilibeba nini mbele.

Tunauliza kwa sababu tanki ya mafuta na tanki ya maji zinafanana kuliko tunavyofikiri. Tuchukue kamio za zamani za jeshi la Marekani, za tani mbili na nusu, aina ya M35, zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1950. Zilikuwa na ndugu wawili: M49 ya mafuta na M50 ya maji. Magurudumu ni yale yale, kabini ni ile ile, rangi ni ile ile ya kijani. M49 inaingiza lita 4,500 hivi, M50 karibu 3,800. M49 za kwanza zilikuwa na vyumba vitatu ndani ya tanki, M50 viwili. Lakini kuna M49 za baadaye zenye vyumba viwili, kwa hiyo kuhesabu vifuniko peke yake kunadanganya. Tena jeshi lenyewe lilipenda kudanganya: kamio za mafuta zilifunikwa turubai ili adui azione kama kamio za mizigo tu.

Kwa nini ya maji inabeba kidogo? Kwa sababu ya uzito. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, lakini lita 1,000 za esanse ni kilo 740 hivi. Anayejaza maji mpaka juu katika tanki iliyopimwa kwa esanse anaongeza zaidi ya tani moja. Kwenye miteremko yetu, breki za kamio ya zamani ndizo zitalipa, na watu walio chini ya mlima pamoja nazo.

Kuna pia tumbo la mnywaji. Esanse inaingia katika mipira, katika kutu na katika viungo vya tanki. Kuosha kwa sabuni hakuitoi yote. Esanse ina benzeni, inayoleta kansa, na ile ya zamani ilitiwa risasi. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kolera, lakini hakuondoi risasi.

Na fundi anayegeuza tanki? Tanki tupu ya esanse si tupu, imejaa mvuke. Akileta moto wa kuunganisha vyuma, inaweza kupasuka mikononi mwake. Tangu tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kamio ya mafuta ilipopinduka, ikawaka na kuua watu zaidi ya 230, hakuna mtu wa bonde la Ruzizi anayehitaji kuelezwa moto huo.

Tunaomba jambo moja kwa viongozi wa miji, kwa Regideso na kwa mashirika yanayokodisha kamio kwa ajili ya kambi: tanki iliyowahi kubeba mafuta isipewe ruhusa ya maji, hata ikipakwa rangi mpya. Historia ya tanki iandikwe katika karatasi za kamio, sawa na namba ya injini.

Wakati tunangojea, mnunuzi aangalie mwenyewe. Mnyororo ao waya wa kushusha umeme ardhini ni wa tanki ya mafuta. Bango la rangi ya chungwa lenye 33 juu na 1203 chini ni la esanse. 30 na 1202 ni la mazuti. Mara nyingi, chini ya rangi mpya, herufi za onyo la moto bado zinasomeka. Na mbele ya kulipa, aombe kifuniko kifunguliwe, anuse.