Tajiri wa pikipiki naye ashike spana

Mkazi wa Mbagala, Tandika, Manzese au Tegeta anayetafuta pa kuweka akiba yake ndogo hakosi washauri. Jibu la haraka analopewa na majirani ni moja: nunua pikipiki, mpe kijana aingie kijiweni, wewe upokee hesabu kila jioni. Ushauri huo si mbaya, na wapo wengi uliowasaidia. Kasoro yake ni kwamba huishia kwenye hesabu ya siku. Hausemi pikipiki hiyo itadumu kwa muda gani, wala ni nani atakayeitunza.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Chukua mfano wa mtu aliyetumia shilingi 3,000,000 kununua pikipiki na kuiandikisha, na akakubaliana na dereva alete shilingi 8,000 kwa siku, siku sita za wiki. Kwa wiki atapata shilingi 48,000. Itamchukua takriban wiki 63, yaani mwaka mmoja na zaidi ya miezi miwili, kurudisha fedha aliyotoa mfukoni. Katika muda wote huo anapokea fedha yake mwenyewe, ingawa yeye huiita faida.

Sasa iwapo injini itakufa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, atakuwa amekusanya shilingi 2,496,000, na mtaji wa shilingi 504,000 bado uko nje. Iwapo pikipiki hiyo hiyo itafika miaka miwili ikiwa nzima, atakuwa amekusanya shilingi 4,992,000, na ziada ya shilingi 1,992,000 kabla ya kutoa gharama za matunzo na vipuri. Hesabu hii ni ya mfano tu, na kila mmoja anaweza kuweka tarakimu zake. Jibu halitabadilika sana: faida ya pikipiki imo katika mwaka wa pili, na mwaka wa pili hununuliwa kwa matunzo ya mwaka wa kwanza.

Oili na vumbi

Pikipiki nyingi za biashara jijini Dar es Salaam ni za injini ndogo, za cc 100 hadi 150, zinazopozwa kwa upepo. Oili yake ni kiasi cha lita moja hivi, na oili hiyo hiyo moja hulainisha injini, gia na kluchi. Lita moja ndiyo inayobeba kazi ya kutwa nzima, abiria wawili wakati mwingine, foleni za Barabara ya Kilwa na jua la saa nane mchana. Ikipungua au ikichakaa, chuma husagana na chuma, na hakuna kengele itakayolia.

Adui wa pili ni vumbi. Mitaa mingi ya pembezoni haina lami. Eya klina iliyoziba huifanya injini inywe petroli nyingi na kutoa moshi mweusi; iliyochanika huruhusu mchanga uingie hadi kwenye silinda na kula ringi. Masika nayo huja na tope linalokausha mnyororo na kumaliza sproketi.

Kazi za kuzuia hasara hizi hazihitaji karakana. Ni kazi za uani nyumbani: kumwaga oili na kuweka nyingine, kusafisha eya klina na plagi, kukaza mnyororo, kupima upepo wa tairi, kurekebisha breki na waya wa kluchi. Lakini kazi hizi ndizo zisizofanywa, na sababu yake ni ya kiuchumi kuliko ya kiufundi.

Mali ya nani?

Zamani kidogo, chombo cha magurudumu mawili kilichojulikana zaidi mijini kilikuwa Vespa, skuta ambayo kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuitengeneza mwaka 1946. Mwenye Vespa ndiye aliyeiendesha. Alijua kuchanganya oili na petroli kwa kipimo, mililita 20 kwa kila lita kwa zile za miaka ya baadaye, na alijua kufungua plagi na kuisugua pale skuta ilipomgomea njiani. Hakuwa fundi. Alikuwa mtu anayelinda mali yake, na akikosea, hasara ilikuwa yake.

Biashara ya bodaboda, iliyopewa kanuni zake za leseni za usafirishaji mwaka 2010 na ambayo tangu mwaka 2019 iko chini ya LATRA, imetenganisha mambo hayo mawili. Mwenye mali haendeshi, na anayeendesha si mwenye mali. Tajiri anadhani oili ni kazi ya dereva. Dereva anaona kila shilingi anayoitia kwenye injini ni ya mtu mwingine, na kesho anaweza kunyang'anywa funguo. Akiumwa, anampa deiwaka, ambaye shabaha yake ni kutimiza hesabu ya siku moja. Watu watatu wanakula kwenye chombo kimoja, na hakuna hata mmoja anayekifungua kukitazama.

Utaratibu wa mkataba, ambapo dereva hulipa kwa muda waliokubaliana kisha pikipiki ikawa yake, una nafuu kwa sababu dereva anajua anatunza mali yake ya kesho. Hata hivyo, kama hakuonyeshwa namna ya kuitunza, atakabidhiwa chuma chakavu siku ile ile anapomaliza deni.

Dawa yake ni rahisi. Tajiri atenge nusu saa kila Jumapili, pikipiki iletwe nyumbani kwake, na yeye na dereva waikague pamoja. Mtaji wa ziada ni spana chache, bisibisi, spana ya plagi, beseni la kumwagia oili na kipimo cha upepo.

Nusu saa ya Jumapili

Oili humwagwa injini ikiwa na joto kiasi, kwa kuwa ikipoa huwa nzito na kubakiza uchafu ndani. Pikipiki isimamishwe wima wakati wa kupima, isiegemee upande mmoja. Kilometa za kubadilisha oili zimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na zifuatwe hizo badala ya kukisia kwa wiki. Kwa sababu hiyo, mita ya kilometa ikifa itengenezwe mara moja.

Eya klina ya sponji huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa; ya karatasi haioshwi, hubadilishwa. Mnyororo uwe na mlegeo, kwa kawaida sentimeta 2 hadi 3, na alama za marekebisho pande zote mbili za gurudumu zilingane. Plagi nayo husema mengi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, injini iko salama. Ikiwa na masizi meusi makavu, hewa haitoshi, na eya klina itazamwe kwanza. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, hapo ringi au valvu zimeanza kuchoka, na kazi ya nyumbani imefika mwisho wake.

Mpaka huo ni muhimu. Kupasua injini, kupima valvu, kubadilisha sahani za kluchi na bearingi za magurudumu ni kazi za fundi mwenye vifaa. Aidha, pikipiki mpya iliyo chini ya dhamana ya muuzaji ifuate masharti ya dhamana hiyo kwanza. Nati ya kumwagia oili ikikazwa kupita kiasi, nyuzi za injini hukatika, na akiba ya mwaka mzima huondoka kwa mkono mmoja. Asiyejiamini amwite fundi nyumbani mara mbili tatu, amlipe, na atazame.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumnyima fundi wa mtaani riziki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Iwapo fundi hutoza shilingi 5,000 kwa kubadilisha oili kila baada ya wiki mbili, tajiri ataokoa shilingi 130,000 kwa mwaka. Si fedha ya kumtajirisha mtu. Anachopata kikubwa ni uhakika: kwamba oili imebadilishwa kweli, kwamba ni lita kamili, na kwamba imetoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yake. Katika soko ambalo bidhaa bandia zimeipa kazi kubwa Tume ya Ushindani, uhakika huo una bei. Fundi naye atabaki na kazi zinazolipa zaidi, na atazifanya kwenye injini ambayo bado ina uhai.

Upo pia wajibu kwa majirani. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Temeke ina Mto Kizinga, ambao maji yake husafishwa katika mtambo wa Mtoni na kurudi kwenye mabomba ya wakazi wale wale. Oili hiyo itiwe kwenye dumu na ipelekwe kwa karakana inayoikusanya.

Linabaki suala la nani alipe. Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayozaa ugomvi. Tajiri anunue oili, plagi na mnyororo kwa kuwa vinalinda mtaji wake; dereva agharimie petroli, pancha na usafi wa kila siku; na yote yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye duka la rejareja pale Tandika hawezi kufunga siku bila kuhesabu bidhaa zake, lakini huyo huyo anamiliki pikipiki ya mamilioni ambayo hajui mara ya mwisho ilibadilishwa oili lini.

Daftari lenye safu nne linatosha: tarehe, kilometa, kilichofanyika, gharama. Siku ya kuuza, daftari hilo litamwongezea bei, kwa kuwa mnunuzi ataona historia ya chombo badala ya rangi mpya. Na siku dereva atakapokuja na habari kwamba injini imegoma, tajiri atajua, kabla ya kumlaumu mtu, kama kosa ni la kijana au ni la kwake mwenyewe.