Usukani wa kuchomoa si pambo

Dereva wa Safari Rally, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, hachomoi usukani kwa maringo. Akiwa na helmeti, amebanwa na kiti na kuzungukwa na mabomba ya kinga, anahitaji nafasi ya kutoka upesi gari likipinduka au kushika moto. Ndiyo maana FIA, shirikisho la kimataifa la magari, inataka pete ya kufungulia iwe ya njano na ikae nyuma ya usukani: mwokoaji aione, aivute, usukani utoke.

Fundi anayefunga kifaa hiki cha kuchomolea usukani ana kazi kabla ya kugusa nati ya katikati. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza, kisha husubiriwa dakika kadhaa, maana eabegi huweza kufyatuka hata gari likiwa limezimwa. Halafu kuna matundu ya boliti, ambayo lazima yalingane na ya kifaa. Usukani wa kampuni ya Momo una boliti 6 kwenye duara la milimita 70. Wa Nardi, 74. Wapo wanaotanua matundu kwa drili, na huo ni wazimu.

Mlio wa usukani kujifunga hautoshi. Dereva auvute kwa mikono miwili kabla ya kuwasha injini.

Kwa dereva wa gari la kila siku lenye eabegi, kifaa hiki humpokonya kinga na kuusogeza usukani karibu na kifua. Abaki na ule wa kiwandani.