Usimsingizie Mungu ugonjwa wa mtoto

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini katika maboma mengi humu nchini. Huulizwa na mama mkwe akiwa jikoni, na shangazi aliyekuja kumwona mtoto, na jirani aliyesimama langoni. Labda mtoto amezaliwa akiwa na mgongo wazi. Labda miezi inapita na shingo yake bado haijakaza. Au kila baada ya wiki kadhaa anavimba vidole na kulia usiku kucha. Ndipo swali linapochomoza: "Hawa walimkosea Mungu nini?"

Wengine hata hawaulizi. Wanajibu moja kwa moja. Utasikia kwamba mama mtoto alitoa mimba zamani akiwa msichana, kwamba baba alimdhulumu nduguye shamba, au kwamba babu alikula kiapo akakivunja. Kila mmoja ana ushahidi wake. Wote, hata hivyo, wanaafikiana kuhusu hakimu aliyetoa hukumu. Wanasema ni Mungu.

Leo nataka tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko porojo za kawaida. Mtoto anayeaminika kuwa ni adhabu hufichwa. Hapelekwi kliniki, haandikishwi shule, na Jumapili familia ikienda kanisani yeye hufungiwa chumba cha nyuma. Baba huanza kuchelewa kurudi nyumbani, na siku moja harudi kabisa. Mama hubaki na mtoto, na pia hubaki na Mungu ambaye anaogopa hata kumwomba.

Kwa hivyo, swali la tabia ya Mungu tusiwaachie wanafunzi wa vyuo vya theolojia peke yao. Jibu lake ndilo linaloamua ni mtoto gani atabebwa mgongoni kupelekwa hospitali na ni yupi atakayebaki gizani.

Swali la kale

Kwanza, ujue kwamba swali hili si geni. Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walimuuliza mwalimu wao ni nani aliyekosa, mtu yule mwenyewe au wazazi wake. Tazama jinsi walivyouliza. Hawakuuliza kama kuna mtu aliyekosa. Hilo walishalikata shauri. Walichotaka ni jina tu.

Yesu aliwakatalia yote mawili. Hakuwa yule mtu, na hawakuwa wazazi wake. Kisha hakuendelea na mjadala. Alitengeneza tope, akampaka macho na kumtuma akanawe katika birika la Siloamu. Naye akarudi anaona.

Jina hilo la Siloamu linapatikana pia katika Injili ya Luka, sura ya 13. Huko mnara uliwaangukia watu 18 na kuwaua. Yesu aliwauliza waliomsikiliza kama walidhani wale 18 walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Aliwaonya pia wasikilizaji watubu. Lakini onyo hilo aliwapa wazima waliosimama mbele yake. Hakulitumia kuwahukumu marehemu wala kuwasuta jamaa zao.

Na msimamo huu haukuanzia katika Agano Jipya. Yule Ayubu aliyepoteza mali, watoto na afya alitembelewa na marafiki watatu. Siku saba za kwanza waliketi naye chini bila kusema neno. Hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyofanya. Walipofungua vinywa, walimsukumia hoja moja tu, kwamba lazima alikuwa ametenda dhambi. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia hao marafiki, na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea. Ni onyo kubwa kwa sisi tunaopenda kumsemea Mungu katika nyumba za watu.

Aya ngumu zipo

Najua msomaji makini tayari amefungua Biblia yake kwenye Kutoka sura ya 20. Atanikumbusha kwamba pale Mungu anasema hupatiliza uovu wa baba kwa wana, hata kizazi cha tatu na cha nne. Je, si hiyo laana yenyewe?

Kuna njia rahisi ya kukwepa aya kama hii. Ni kusema kwamba huyo ni Mungu wa Agano la Kale, mkali, na kwamba Yesu alileta mwingine mpole. Mtu mmoja aliyeitwa Marcion alifundisha hivyo kule Roma katika karne ya pili, na kanisa likamtenga yapata mwaka 144. Wakristo walishikilia kwamba Mungu ni mmoja na tabia yake ni moja. Hatuwezi kuigawa Biblia vipande ili tupumue.

Basi tuisome yote. Aya inayofuata inaendelea kusema kwamba rehema yake huwafikia maelfu elfu. Pima mizani hiyo: vizazi vitatu au vinne upande mmoja, maelfu upande wa pili. Kumbuka pia kwamba katika boma la Kiebrania babu, baba, mwana na mjukuu waliishi pamoja. Kosa la mkubwa liliwagusa wote waliokula chungu kimoja. Hilo twalijua hata sisi. Baba akinywa pesa za karo, mtoto ndiye hufukuzwa shule. Mtoto huyo ameumizwa na kosa la babake, lakini hakuna hakimu aliyemhukumu. Kuumia kwa kosa la mwingine ni jambo moja, na kutiwa hatiani kwa kosa hilo ni jambo jingine kabisa.

Isitoshe, Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inakataza watoto kuuawa kwa makosa ya baba zao. Baadaye Waisraeli walipochukuliwa mateka hadi Babeli, walikuwa na msemo wao kuhusu baba waliokula zabibu mbichi na ganzi ikaingia meno ya watoto wao. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anawaambia Mungu hataki kuusikia tena. Kila nafsi itajibu kwa ajili yake.

Utaniuliza pia kuhusu mtoto wa Daudi na Bathsheba, aliyekufa baada ya nabii Nathani kumkemea mfalme. Ni habari ngumu, na sitaifanya iwe laini. Lakini habari ya mfalme mmoja, iliyosemwa na nabii aliyetumwa kwake, haikugeuzwa kuwa kanuni ya kupimia kila kitanda cha mgonjwa. Yesu alipoulizwa kanuni, aliikana.

Hapa ndipo penye moyo wa imani ya Kikristo kuhusu Mungu. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walikiri kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Maneno hayo yanaweza kuonekana makavu, lakini maana yake nyumbani kwako ni hii: hakuna Mungu mwingine aliyejificha nyuma ya Yesu, mwenye moyo tofauti. Yule aliyewagusa wenye ukoma na kuwakumbatia watoto anaonyesha Baba alivyo. Na kama mateso yangekuwa siku zote ushahidi wa hatia, basi Yesu aliyeangikwa msalabani angekuwa mkosaji kuliko wote. Waliopita pale wakitikisa vichwa walifikiri hivyo. Imani ya Kikristo inasema walikosea.

Kazi ya mchawi

Sasa, mbona fikira hii imekita mizizi hata kwa watu waliobatizwa? Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka 2019, aliandika kitabu mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969. Alieleza kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika, balaa likitokea watu hawaridhiki kujua limesababishwa na nini. Wanataka kujua limesababishwa na nani. Mara nyingi aliyelaumiwa alikuwa mchawi, pepo, au mtu aliyelaani.

Nionavyo mimi, wengi wetu tulipoacha kwenda kwa mganga hatukuliacha lile swali la "nani". Tulilibeba hadi kanisani. Na kwa kuwa mchawi hatajwi tena mbele ya mchungaji, kazi yake tumempa Mungu. Tunamwita Ngai, Nyasaye, Wele au Mulungu, tunamwimbia kuwa ni mwema, kisha tukifika kwenye kitanda cha mtoto tunamsingizia jambo ambalo hata jirani mbaya angeona haya kulifanya.

Damu haina hatia

Hebu tuchukue ugonjwa wa selimundu. Ukiwatazama watu wa familia moja, unaweza kuapa kwamba ni laana ya ukoo, kwa maana unamshika huyu, unamwacha yule, na unarudi kizazi kinachofuata. Ukweli ni kwamba ni jeni inayorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Mtu aliyerithi jeni moja pekee kwa kawaida haugui. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia humu Kenya, alipima damu ya jamii mbalimbali za nchi hii mnamo 1949. Aligundua kwamba jeni hiyo ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni chache sana katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yaliyoonyesha sababu. Mtu mwenye jeni moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Yaani kile kinachoitwa laana kiliwaokoa mababu wengi na kifo cha utotoni. Wangekufa, ukoo usingekuwepo wa kusengenywa.

Ni vivyo hivyo kwa mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za mwanzo wa mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Upungufu wa asidi ya foliki huongeza hatari. Ndiyo sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa mahindi na ngano wa pakiti wauongeze virutubisho, ikiwemo asidi hiyo. Mtindio wa ubongo nao huweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, au malaria iliyopanda kichwani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji dhambi ya babu.

Sisemi kwamba sayansi inamaliza maswali yote. Mama atauliza, "Mbona mwanangu?" na daktari hana jibu la swali hilo. Wala mimi sina. Biblia nayo haikumpa Ayubu jibu. Ilimpa Mungu aliyekuja kuzungumza naye. Mkristo anaweza kukosa maelezo na bado akajua ni nani anayemlilia.

Tufanyeje basi?

Wewe mzazi, anza na kliniki. Mtoto mwenye miguu iliyopinda akianza matibabu akiwa mchanga, mara nyingi hunyooshwa kwa plasta, bila upasuaji mkubwa. Mwenye kichwa kinachovimba asingoje maombi ya wiki tatu, kwa sababu ubongo haungoji. Omba, lakini omba ukiwa njiani. Wamisionari waliojenga hospitali humu nchini, kama ile ya Kijabe, walikuwa watu wa maombi, na bado walinunua vitanda na visu vya upasuaji.

Wewe baba, usikubali jamaa zako wamgeuze mkeo kuwa mshtakiwa. Jeni hutoka pande zote mbili, na hata pale zisipohusika, mtoto ni wa wote wawili. Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema mama pekee.

Wewe jirani, kumbuka mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Unauona mwepesi kwa sababu hujaubeba. Ukiwa huna la kusema, fua nepi, chota maji, mshike mtoto saa moja ili mama alale.

Nanyi wahubiri, mtoto huyo aliyefungiwa chumba cha nyuma ni wa kundi lenu. Mwiteni kwa jina. Mwekeeni nafasi mbele, penye kiti cha magurudumu, na msimgeuze kila Jumapili kuwa mtu wa kufukuziwa pepo mbele ya umati.

Wanafunzi wale wa Yesu walitaka jina la mkosaji. Walichopewa ni kazi ya kufanya, na ilianza siku hiyo hiyo, kwa tope na maji. Kama mtoto wa namna hiyo yuko kwenu, kesho ni Jumatatu, na kliniki zimefunguliwa.