Kisiki Haking'olewi

Mafundi kompyuta wa huku kwetu, Masasi hadi Newala, wameishika imani moja kama sala: programu ikiondolewa, isibaki hata alama yake. Kijana akiandika amri ya `apt remove`, mwenzake humkosoa papo hapo: weka `purge`, usiache takataka. Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu.

Niliifuata mwenyewe. Maabara ya shule moja ya sekondari, si mbali na Ndanda, ilikuwa na kompyuta moja ya Ubuntu iliyozigawia nyingine intaneti kupitia programu ya Squid. Mwalimu mmoja alikuwa ameandika kanuni zake mstari kwa mstari: saa za wanafunzi, saa za walimu, tovuti za video kufungwa mchana ili bando lifike mwisho wa mwezi. Siku Squid ilipogoma kuwaka, nikaifuta kwa `purge`, nikaisimika upya. Kuipakua kulichukua dakika chache. Lakini faili la squid.conf lilirudi jipya, halina hata mstari mmoja wa mwalimu, na mwenyewe alikwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Bando liliisha wiki hiyo hiyo.

Programu ina kwao. Ukiipoteza leo, kesho unaipakua. Mipangilio aliyoiandika mtu haiko popote ila humo ndani ya folda ya /etc. Waliotunga kanuni za Debian, mfumo uliozaa Ubuntu, walilijua hili: `remove` huondoa programu na kuacha mipangilio. Fedora, Linux ya ukoo mwingine, nayo, faili likiwa limehaririwa, hulipa jina linaloishia .rpmsave, hailitupi.

Eti mabaki hujaza diski! Mafaili mengi ya mipangilio ni kilobaiti chache. Picha moja ya simu huzidi mamia ya mafaili hayo. Eti hati za kuwashia programu hubaki zikizua makosa. Kanuni za Debian zinataka hati hiyo iangalie kwanza kama programu ipo, isipoikuta inyamaze. Eti mabaki huweza kuacha nywila wazi. Hoja hiyo naikubali, ila `purge` haigusi folda ya mtumiaji, ambako nywila nyingi hukaa. Anayeuza kompyuta afute diski nzima.

Wakulima wetu hawahitaji kuelezwa. Mkorosho uliozeeka hukatwa, kisiki kikaachwa, na machipukizi yakitoka yanabebeshwa vikonyo vya mti bora. Mizizi iliyokwisha kushuka ndiyo inayoufanya uzae mapema kuliko mche mpya. Nani angeng'oa kisiki ili tu shamba lionekane safi?

Snap, njia nyingine ya kusimika programu kwenye Ubuntu, ikiondoa programu kwa kawaida hutunza data yake siku 31. Apt, ukiiambia `purge`, huweka kinyota tu pembeni ya jina la kifurushi, kisha inafagia. Hiyo haitoshi. Kabla haijagusa faili lililohaririwa kwa mkono wa mtu, ilitaje kwa jina, iseme lilihaririwa lini, isubiri jibu. Ningeiona tarehe ya squid.conf siku ile, nisingebonyeza.