MBELEKO, SEHEMU YA 3: Anayekwambia kanga inaleta matege ana kitu cha kukuuzia

Mama zangu, tulishamaliza habari za kichanga. Leo ni zamu ya mtoto mkubwa, kuanzia miezi sita hivi, shingo imekaza na anakaa mwenyewe bila kushikwa. Huyu ndiye wa kubeba kiunoni. Na huyu ndiye wauzaji wa mtandaoni wamemkalia kooni mama yake.

Wiki iliyopita alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wa miezi kumi. Mtoto ananing'inia kwenye kibebeo kipya, miguu inacheza kama soksi kwenye kamba. Nikamuuliza, kanga iko wapi? Akacheka kwa aibu. Wifi yake kamwambia kanga ni ushamba, halafu muuzaji kamwambia inapinda miguu. Laki moja na ishirini, jamani, tena pesa ya kikoba, na alikuwa hajamaliza kurejesha.

Nilikasirika. Siyo kwake.

Kanga haileti matege. Watoto wengi huzaliwa miguu imepinda kidogo kwa jinsi walivyojikunja tumboni, na kwa kawaida inanyooka yenyewe wakikaribia miaka miwili. Matege ya ugonjwa mara nyingi ni mifupa laini kwa kukosa vitamini D au kalsiamu. Mimi nina wasiwasi na mtoto anayefungiwa ndani siku nzima haoni jua, siyo yule aliye mgongoni kwa bibi yake sokoni. Ukiona baada ya miaka miwili miguu inazidi kupinda, au umepinda mmoja tu, mlete hospitali. Usiende dukani.

Na nyonga je? Hapo ndipo uongo unapogeuka kabisa. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani ya kikombe cha nyonga, na kwa mtoto mdogo kikombe hicho bado kinajijenga. Miguu ikipanuka na kukunjwa kama ya chura, magoti juu kidogo kuliko makalio, kichwa kinakaa mahali pake. Shida ni miguu kunyooshwa na kubanwa pamoja. Japani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto hivyo. Walipoanza kampeni ya kuiacha, mwaka 1975, nyonga zilizoteguka zilipungua sana. Hapo jirani Malawi, madaktari wa mifupa wa Blantyre waliandika mwaka 2015 kwamba katika kumbukumbu za miaka kama kumi, watoto zaidi ya 40,000, hawakukuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tatizo hilo. Wakaelekeza kidole kwenye mgongo wa mama. Mgongo uleule unaoambiwa ni ushamba!

Sitaki kukutisha lakini. Hatari kubwa ya nyonga ni miezi ya mwanzo. Huyu wa miezi kumi hatateguka kwa kibebeo kibovu, ila atachoka kuning'inia, atalia, na wewe utaumia mgongo ukidhani mtoto ni msumbufu.

Sasa, sisemi usinunue. Mimi mwenyewe nilinunua kile chenye kiti cha kufunga kiunoni. Ni kizuri kwa mtoto anayetaka kushuka na kupanda kila dakika, lakini kingi hakishiki mgongo wa mtoto, kwa hiyo mkono wako mmoja haupumziki. Muuzaji aliniambia mikono itakuwa huru. Wapi! Nilikitoa kwa mdogo wangu.

Ukinunua, nenda na mtoto, usinunue kwa picha. Mkalishe ndani. Kitambaa kitoke chini ya goti moja hadi chini ya goti la pili, siyo kipande chembamba kinachopita katikati kama chupi. Kipande cha nyuma kifike kwenye makwapa, maana mtoto mkubwa hujitupa nyuma akiona paka. Mkanda wa begani uwe mpana. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kilo 9, na kilo hizo zote zikilala kwenye mkanda mwembamba wa bega moja utazisikia usiku. Badilisha upande, leo kulia, baadaye kushoto. Vuta zile bakoli za plastiki kwa nguvu zote kabla hujampa mtu pesa.

Kama huna hela, kanga ya pamba au kitenge kinatosha. Ile ya polista inateleza fundo, iache kwa kujifunika. Fundo likae mbele ya bega, siyo shingoni, mtoto akae juu ya mfupa wa kiuno, makalio yazame ndani ya kitambaa. Mkono mmoja uwe tayari.

Halafu hili naomba mnisikie. Mtoto wa kiunoni HAENDI jikoni. Mgongoni mikono yake iko mbali kidogo, kiunoni inafika kwenye sufuria kabla yako. Nimesafisha vidonda vya chai na uji kwenye vifua vya watoto ambao mama zao walikuwa wanakoroga mboga tu, dakika moja. Mpe dada, mkalishe chini mbali na moto, muache alie.

Na bodaboda, kibebeo siyo mkanda wa usalama, cha laki tatu au cha bure.

Yule mama nimemwambia arudi Alhamisi na kanga yake. Wifi naye aje akitaka.