Walichoma Vitabu, Wakauacha Uchawi



Jumamosi ya mwisho ya semina moja ya vijana, katika kiwanja cha parokia ninayoifahamu vizuri, uliwashwa moto. Mwalimu wa semina alikuwa amewaagiza vijana walete kutoka nyumbani kila kitu cha shetani. Wakaleta hirizi mbili tatu, kanda za muziki, na sanduku la bati lililojaa vitabu. Sanduku lile lilikuwa la marehemu baba yangu, aliyekuwa katekista kwa miaka 28. Mpwa wangu alilibeba kichwani mwenyewe, akiamini anaisaidia roho ya babu yake.

Ndani ya sanduku hamkuwa na kitabu hata kimoja cha uganga. Mlikuwa na riwaya za upelelezi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vilikuwa vitabu vyembamba vya jalada la karatasi, vilivyoazimwa na kurudishwa mpaka vingine vikakosa kurasa za mwisho, na mtu akabaki kuuliza jirani nani alikuwa muuaji.

Siandiki haya ili kumsema mpwa wangu. Alikuwa mtoto, na alitii. Naandika kwa sababu fundisho lililowasha moto ule bado linahubiriwa miongoni mwetu, nami nasema wazi kwamba ni fundisho baya.

Andiko lililosomwa siku ile lilikuwa Matendo ya Mitume, sura ya 19. Waamini wa Efeso waliviteketeza vitabu vyao, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande elfu hamsini vya fedha. Ni kweli imeandikwa. Lakini someni vizuri, ndugu zangu. Watu wale walichoma vitabu vyao wenyewe, si vya marehemu asiyeweza kujitetea. Tena vilikuwa vitabu vya uchawi. Sisi tumechoma vitabu ambavyo kazi yake kubwa ni kumvua uchawi nguo hadharani.

Mnabisha? Chukueni Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu huogopa na kupeleka sadaka. Wengi wanaona jambo limekwisha: mizimu imekasirika. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake. Anauliza nani alimwona marehemu, saa ngapi, nani alikuwa na kisa naye. Mwisho tunajua kwamba aliyeua ni binadamu mwenye mikono miwili kama mimi na wewe. Mzimu ulikuwa kichaka tu cha mwenye hatia kujifichia.

Hilo si jambo dogo kwa Mkristo. Tangu Kaini, Mungu huuliza aliyeuawa yuko wapi, na hamwachi muuaji amtupie mtu mwingine lawama. Dhambi ina mwenyewe. Anayesema mizimu imeua amemwachilia huru muuaji. Na anayesema bibi fulani ameroga, pale ambapo hakuna aliyeuawa, amejitengenezea muuaji.

Nitawaeleza niliyoyaona. Nikiwa darasa la tano, kijijini kwetu Usukumani, mtoto wa jirani alifariki baada ya homa ya siku nne. Msibani likaanza kunong'onwa jina la bibi mmoja mjane. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya kina mama wengi walioinamia moshi wa jiko maisha yao yote. Sisi tuliokulia huko tunajua mnong'ono wa namna hiyo huishia wapi. Huishia usiku, kwa panga.

Baba aliwaita wazee wa ule ukoo nyumbani kwetu. Hakuwahubiria. Aliwauliza mtoto alianza kuumwa siku gani. Wakasema Jumatatu. Alipelekwa zahanati lini? Wakatazamana. Hakupelekwa. Alipelekwa wapi? Kwa mganga. Nani alilitaja jina la yule bibi kwa mara ya kwanza? Mganga. Na mganga alipewa nini? Mbuzi.

"Basi," baba akasema, "shahidi wenu ni mmoja, hakuwapo, na amelipwa."

"Mwalimu, unatutega," mmoja akalalamika.

"Siwategi, mzee wangu. Nawauliza tu nani aliona."

Hakuna aliyeona. Waliondoka wamenuna, lakini waliondoka. Bibi yule aliishi miaka mingine 11, akafa kwa uzee, akazikwa na jumuiya yake. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza baba alikoyapata maswali yale. Akacheka: "Nusu kwa Danieli, nusu kwa Bwana Msa."

Wale wasiomkumbuka Danieli huyo wafungue sura ya 13 na ya 14. Wazee wawili wanamsingizia Susana uzinzi, na umati uko tayari kumwua. Danieli anawatenganisha mashahidi, anamwuliza kila mmoja tendo lilifanyika chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti wake. Kisha, katika habari ya Beli, ananyunyiza majivu sakafuni mwa hekalu, na asubuhi nyayo zinaonyesha kwamba aliyekula sadaka si sanamu. Ni makuhani na familia zao. Huo ni upelelezi, wapendwa, na umo ndani ya Biblia yenu.

Wala Kanisa halijawaachia wapagani hadithi za namna hii. Chesterton, Mwingereza aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922, alimfanya padre kuwa mpelelezi. Katika kisa cha kwanza cha Padre Brown, mwizi amejivika mavazi ya padre, na anatambuliwa kwa sababu katika mazungumzo aliidharau akili. Padre Brown anajua kwamba hiyo ni teolojia mbovu, na padre wa kweli hasemi hivyo. Ronald Knox, padre aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, naye aliandika riwaya za upelelezi, na mwaka 1929 akatoa kanuni kumi za kuzitunga. Mojawapo inapiga marufuku kutumia nguvu za mizimu kutegua fumbo. Ile Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, ambayo wengine wanatamani irudi, Kanisa lenyewe liliiondolea nguvu ya sheria mwaka 1966.

Nitaambiwa kwamba riwaya hizi zina pombe, uasherati na damu. Zinavyo, nami sitetei kila ukurasa. Willy Gamba anawasaka maadui wa wapigania uhuru kwa ushujaa unaosisimua, lakini huua bila kutubu, na wanawake katika visa vyake mara nyingi ni pambo au mtego. Kisasi kinasifiwa pale ambapo Injili inakikataa. Basi tuyaseme hayo na vijana wetu, kitabu kikiwa mkononi. Daudi alimtwaa mke wa Uria, kisha akampa Uria mwenyewe barua iliyobeba kifo chake. Hatukuchana sura hiyo. Tunaisoma mpaka kwa Nathani, aliyemfikisha mfalme mahali pa kukiri. Tuwafundishe vijana kusoma namna hiyo.

Sasa nifikie linaloniuma. Usiku uleule, majivu yakiwa bado na moto, mwalimu wa semina alimwombea binti mmoja aliyekuwa akianguka kifafa. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba ugonjwa umetumwa na mwanamke mzee wa upande wa baba. Vijana wakapiga makofi. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza nani aliona. Hakuna aliyeuliza kama binti amefika hospitali. Binti yule ana bibi mzaa baba mmoja tu, na tangu siku hiyo kizee wa watu hupita njia ya nyuma kwenda kisimani.

Nipeni jina la jambo hilo. Mganga akisema hivyo mnaita uchawi. Mtu mwenye rozari shingoni akisema hivyo mnaita karama. Mimi naona ni shahidi yuleyule wa mbuzi: hakuwapo, na ana faida yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Viongozi wa parokia msimruhusu mtu yeyote kutaja mchawi katika semina zetu, hata akiwa anatoa machozi. Binti apelekwe hospitali kwa fedha za jumuiya, na viongozi waende kwa yule bibi mchana kweupe, wakae, wanywe uji wake, watu waone. Na maktaba ya vijana iwe na rafu ya riwaya hizi, na mtu mzima wa kuzijadili nao.

Mpwa wangu sasa ana miaka 19. Nilimpa Bwana Msa niliyempata kwa muuza vitabu vilivyotumika. Alipomaliza alinijia jioni, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, kesho naenda kwa yule bibi." Nikamwambia tutakwenda wote.

Wewe je, utakuja?