Kibao Kinaiona Pikipiki, Hakimwoni Mtu
Mbunge Ibrahim Abiriga alipouawa Juni 2018 na watu waliopanda pikipiki, serikali iliahidi vibao vya namba vyenye kifaa cha kufuatilia. Mwaka 2021 ikatia saini mkataba na kampuni ya Urusi. Mimi napinga. Nenda steji yoyote ya bodaboda, Jinja au Mbale, uulize pikipiki ni ya nani. Wengi watakujibu: ya bosi. Kifaa kinafuata chuma, hakimjui aliyeshika usukani. Mhalifu ataiba pikipiki; atakayeitwa polisi ni mwenyewe. Na gharama ya kibao bosi ataidai kwa kijana anayempelekea hesabu kila jioni. Ulinzi anaoulipia maskini bila kulindwa ni ushuru. Tuuite hivyo.